Pasaka iliyoangukia Siku ya Wajinga

Pasaka ya 2018 iliangukia tarehe 1 Aprili, Siku ya Wajinga, na mi nilishaamua moyoni kwamba hapo Mungu amejichagulia siku yake mwenyewe vizuri kabisa.

Nilikua nauza mitumba ya watoto pale Sido, Mwanjelwa, Mbeya. Agosti 2017 soko likaungua. Waliokuwepo watakumbuka, wengine tulipigiwa simu tu, unafika unakuta moto na watu wanakimbia na mizigo kichwani, kibanda changu kilikua katikati huko hata kusogea huwezi. Asubuhi nilichookota ni kufuli. Kufuli bado limefungwa, mlango wenyewe haupo. Ndani kulikua na belo mbili sijazigusa na zote nilichukulia mkopo, kwahiyo moto ulizima ila deni halikuzima, nikawa nalala simu imezimwa sababu ya watu wa marejesho.

Novemba baba akafariki. Presha. Nilimzika kwa hela za michango maana mi sikua na kitu, na mtoto mkubwa ni mimi, hiyo aibu naikumbuka kuliko hata moto. Watu wa kanisani wakaja wakaimba wakasema ni mapenzi ya Mungu, nikaitikia amina, we ukiwa msibani utabishana na nani? Ila kuanzia hapo niliacha kuomba. Wala sio kwa hasira, niliacha tu kama unavyoacha kumpigia mtu asiyepokea.

Sasa sisi ni Wamoravian wa Rungwe, na kanisa la Moravian Pasaka yake inaanzia makaburini kabla jua halijatoka. Baba alikua anajidai sana na hii habari, kila mwaka lazima akuhadithie kwamba desturi hiyo ilianzia Herrnhut huko Ujerumani mwaka 1732, vijana wakaenda makaburini alfajiri wakiimba, afu wamisionari wakafika nayo Rungwe 1891, anasema kama vile na yeye alikuwepo. Alikua anapiga tarumbeta kwenye bendi ya kanisa. Siku hiyo bendi inatoka usiku inazunguka kuamsha watu, tulivyokua wadogo tulikua tunalala na nguo za Pasaka mwilini ili tusiachwe.

Nilipanda gari Jumamosi jioni kwa ajili ya mama tu, sikutaka aende kaburini peke yake Pasaka ya kwanza. Nilivyofika nikamwamkia, akaniangalia akasema, "Umekonda we mtoto," akanipakulia ndizi, basi, hatukuongea mengi.

Saa kumi alfajiri nikasikia bendi. Jamani. Mvua ya masika inanyesha ile nyembamba isiyoisha, baridi ya Rungwe mnaijua, na huko barabarani matarumbeta yanakuja. Nikajifunika blanketi mpaka kichwani. Mama akaingia tayari kavaa gambuti na sweta la baba, akasema, "Amka, tutachelewa," kama vile tunawahi basi.

Tukapanda na wenzetu kwenye tope, tochi za simu, watoto wanateleza wanacheka. Pale makaburini mchungaji akasema Bwana amefufuka, watu wakaitikia amefufuka kweli kweli, mi mdomo wangu nimeubana. Afu ikafika ile sehemu ya kuwakumbuka waliotangulia tangu Pasaka iliyopita, wale walioingia katika furaha ya Bwana wao, akasoma majina na la baba likiwemo. Furaha! Hilo neno ndo lilinichoma. Nikamnong'oneza mama, "Mama, we unaamini haya?"

Nilitegemea anikemee. Akakaa kimya kidogo, maji yanamchuruzika kwenye kitambaa cha kichwa, akasema, "Siku nyingine ndio. Siku nyingine nakuja tu." Afu akasema, "Na wale wanawake waliokwenda kaburini kwa Yesu nao walibeba manukato. Manukato ni ya maiti. Hakuna aliyekwenda pale anategemea kukuta amefufuka."

Nimesoma hiyo habari tangu Sunday school na sikuwahi kuiona hivyo. Kweli, walikwenda kupaka maiti. Na waliporudi kuwaambia wanaume, Luka anasema wanaume waliona ni upuuzi mtupu. Yaani asubuhi ya kwanza ya Pasaka hakuna hata mmoja aliyeamka na imani, wote walikua kama mimi na gambuti zangu, na bado kaburi lilikua tupu kabla hawajafika.

Nikawa bado nazungusha hilo kichwani, bendi ikaanza wimbo. Tarumbeta ya baba ilikua imerudishwa kanisani akapewa kijana mmoja, sijui miaka kumi na minne, mwembamba, midomo imekufa ganzi na baridi. Akaigeuza kwanza akamwaga maji, akaifuta kwenye suruali, akavuta pumzi kifua kizima, akapuliza. Ikatoka sauti ya ng'ombe anayezaa. Hapo hapo, juu ya kaburi la mtu aliyekua anatusimamisha chakula kwa sababu ya noti moja ya muziki iliyokosewa!

Mama ndo alianza. Nilidhani analia, mabega yanatikisika, kumbe anacheka, amejiziba na kanga, na mi nilivyomwona nikashindwa, tukacheka wote wawili mpaka tukashikana tusianguke kwenye tope. Tangu Agosti sikuwahi kucheka. Na katikati ya kicheko machozi yakaja, na sijui ni saa ngapi nilianza kuimba, nilishtukia tu niko ubeti wa pili, sauti kubwa kabisa, na ndani kuna kitu kimekaa, chepesi, chenye joto, sijui nikieleze vipi. Sikua nimepata jibu hata moja. Nilikua tu najua nimepokelewa simu.

Kule mashariki kukapauka, mlima Rungwe ukatoa bega moja kwenye ukungu ukajificha tena. Jua lenyewe halikutoka, tusidanganyane.

Na deni halikusamehewa, nisije nikaeleweka vibaya, nililipa kidogo kidogo na kuna miezi niliapa kwamba ile asubuhi nilijidanganya tu. Bado huwa najiuliza. Ila siku hizi nauliza nikiwa naongea na Mungu mwenyewe.

Tulivyokua tunashuka mama akamwita yule kijana. Maskini alijua anagombezwa, akaja amekumbatia tarumbeta kama mtoto mchanga, akasema, "Shikamoo bibi, nisamehe." Mama akamwambia, "Marahaba. Kesho uje nyumbani nayo, na ndimu mbili."

Jumatatu ya Pasaka tukakaa barazani watatu, mama anamwonyesha baba alivyokua anaisugua kwa ndimu na majivu, mi nashika kitambaa, ile shaba ikaanza kung'aa mpaka unaona meno yako. Kijana akaijaribu tena. Ng'ombe yule yule.

"Tena," mama akasema.