Nilidhani mguu wangu ndio mbovu

Wiki ya tatu tangu nichukue gari jipya, nilianza kushuka nikichechemea. Maumivu yalikaa mbele ya muundi wa kulia, pale penye msuli unaoinua wayo, na yalikuja kila nikikaa kwenye foleni kama nusu saa. Nikanunua dawa ya kuchua. Nikausingizia umri. Gari sikulishuku, maana nani anashuku gari ambalo bado linanukia upya?

Mimi ni mfupi, navaa kiatu namba 36. Kwenye gari la zamani, ambalo sasa analo mdogo wangu, kisigino kilitulia sakafuni na wayo ukazunguka tu: kulia mafuta, kushoto breki. Hili jipya pedeli ya breki imenyanyuka juu kuliko ya mafuta. Magari mengi yako hivyo kwa makusudi, ili mtu asizikanyage zote mbili kwa pamoja. Lakini tofauti ikizidi, mwenye mguu mdogo hana budi kung'oa kisigino na kubeba mguu mzima kila anapotaka kupunguza mwendo. Nilipima kwa rula nikapata sentimita 6. La mdogo wangu, 4.

Nikarudi walikoniuzia. Kijana akanisikiliza kwa adabu zote, kisha akasema, "Utalizoea tu, mama."

Ikaja asubuhi ya tuta. Nilitoa mguu kwenye mafuta kwenda breki, ukingo wa soli ukanasa chini ya ubavu wa pedeli. Mguu ukawa hauko huku wala kule. Nilikuwa kwenye kilomita 30 kwa saa, mwendo wa kawaida kabisa, ila hizo ni zaidi ya mita 8 kila sekunde. Niliruka lile tuta kama mbuzi aliyetishwa, mkoba ukatua miguuni pa abiria. Hakuna aliyeumia, lakini mikono ilinitetemeka mpaka nilipofika.

Jioni nikapiga magoti na tochi, na hapo nikakuta jambo ambalo hata sikuwa nalitafuta. Kapeti zilikuwa mbili. Ya chini ni ya gari lenyewe, ina vishikizo vyake sakafuni. Ya juu ni ya mpira mnene, niliyopewa kama zawadi siku ya kuchukua funguo, na haikushikwa na chochote. Ilikuwa imetambaa mbele hadi ukingo wake ukalala chini ya pedeli ya mafuta. Nilipoibonyeza pedeli kwa mkono mpaka mwisho, ilikwaruza mpira na kurudi kivivu. Mwaka 2009 Toyota iliyaita mamilioni ya magari yake Marekani yarudishwe kurekebishwa, kwa sababu ya kapeti zinazoweza kuinasa pedeli ya mafuta. Habari hiyo niliisoma wakati ule, nikafungua ukurasa mwingine.

Kapeti niliitoa palepale. Muundi ulikuwa kesi nyingine, na hiyo aliimaliza fundi wangu wa siku zote bila kushika spana. Alinitazama nilivyokaa, akacheka. Kwa kuogopa mfuko wa hewa wa usukani nilikuwa nimekisukuma kiti nyuma, tena kiko chini, kwa hiyo mguu ulikuwa unaning'inia kuzifuata pedeli. Akakipandisha kiti, akakileta mbele mpaka nikakanyaga breki hadi mwisho huku goti bado limekunjika kidogo. Kisha akausukuma usukani ndani kuelekea dashibodi na kulaza mgongo wa kiti kidogo. Inashauriwa kifua kiwe angalau sentimita 25 kutoka kwenye mfuko ule. Mimi zimebaki 27.

Nilimwomba anibandikie kipande cha kunenepesha pedeli ya mafuta. Akakataa katakata: kikibanduka, kitakwenda kujibana wapi kama si chini ya breki? Kwa hiyo zile sentimita 6 zipo palepale, na viatu vyangu vya soli nene vinasafiri upande wa abiria. Chini ya kiti changu sitaki kitu, hata chupa ya maji. Nyonga pia bado inalalamika safari ikiwa ndefu, kwa sababu pedeli zimesogezwa katikati kukwepa uvimbe wa tairi la mbele, na hilo halina dawa.

Wakati naondoka, fundi aliiona kapeti ya mpira kwenye buti akaiomba. Nikampa, kwa sharti kwamba aitandike mlangoni kwake, si garini.