Cheri mbili za dhahabu

Jioni hii nimeitazama tena baleti ya In the Middle, Somewhat Elevated, yaani "Katikati, Juu Kidogo". Moyo bado unadunda.

William Forsythe, Mmarekani mzaliwa wa New York, aliitunga mwaka 1987 kwa Opera ya Paris, enzi Rudolf Nureyev, mchezaji baleti maarufu, alipokuwa akiongoza baleti ya hapo. Wachezaji 9. Muziki wa Thom Willems unagonga kama vyuma.

Jukwaa tupu, ila cheri mbili za dhahabu, yale matunda madogo ya mviringo, zinaning'inia juu, katikati. Jina la kazi nzima limetoka hapo.

Lakini tazameni mikono ya wale wanaocheza wawili wawili.

Katika baleti ya zamani mwanamume humsimamisha mwenzake wima juu ya ncha ya kiatu. Hapa wanavutana. Kila mmoja anaegemea nje, na uzito wa huyu unamzuia yule asianguke.

Vidole vikiachia mapema, mwanamke anapoteza mhimili na kisigino kinashuka kabla ya wakati. Vikichelewa, mvuto unakufa, wanabaki wamesimama tu.

Ile nukta kabla ya kuachiana, viganja vimebanana, mikono imenyooka kama kamba ya jahazi! Hapo ndipo ninapoganda kila mara.

Forsythe aliongoza Ballet Frankfurt, kundi la baleti la Ujerumani, kuanzia 1984 hadi 2004. Mwaka 2000 akaleta One Flat Thing, reproduced: meza 20, wachezaji 14 wakipita juu, chini na katikati yake, wakipeana ishara. Anayekosa ishara anamkosesha na anayemfuata.

Nani ameiona hii ya meza jukwaani? Mlikaa mbele, au kule juu ambako mistari ya meza inaonekana yote? Niambieni.