Siku Moja ya Mhesabu Matatu, Likoni Hadi Kinango

Saa 10:30 alfajiri. Kazi huanzia kivukoni Likoni. Anayetoka kisiwani Mombasa huvuka kwa miguu bila kulipa, na saa hiyo feri haijafurika. Begini mna fomu, ubao wa kuandikia, penseli mbili (wino huyeyuka kwa jasho), kofia na maji lita mbili. Kabla ya kuachana, wahesabu wote hulinganisha saa zao hapo steji. Saa ya Likoni na ya Kinango zikipishana dakika tano tu, hesabu ya safari nzima huwa ya uongo.

Makanga wakiona ubao hupashana kwamba kanjo (askari wa kaunti) wamefika. Wengine hudhani ni polisi, na dereva mmoja mmoja hugeuza gari akaenda zake. Hatukamati mtu wala hatutozi ushuru. Tunatafuta kujua mtu wa mashambani anaingoja gari muda gani, kwa nini anaikosa, na ni jambo gani wenye gari na kaunti wanaweza kurekebisha bila kungoja barabara mpya.

Saa 11:00 mpaka saa 2:00, Likoni. Kila gari hupata mstari wake: tarakimu tatu za nambari na herufi ya mwisho, saa ya kufika, saa ya kuondoka, abiria waliomo ikiondoka, nauli iliyotajwa. Mpaka Kombani, ambako njia ya Kwale huachana na ile ya Ukunda na Lunga Lunga, mtu hakosi gari. Shida huanza ukishaupita mji wa Kwale.

Saa 3:30, steji ya Kinango. Hapa ndipo fomu nyingi huharibika. Unachungulia ndani ya matatu ya viti 14, unaona vichwa kumi, unaandika kumi. Kumbe wanne kati yao ni vijana wa steji waliokalishwa ili gari ionekane karibu kujaa. Mama mwenye ndoo ya maembe akiona hivyo huingia na kulipa, kijana mmoja anateremka, na gari haijasogea hata hatua moja. Kwa hivyo hatuhesabu waliokaa. Tunahesabu gari ikishatia gia na kutoka, na tunaandika pia saa aliyoingia abiria wa kwanza wa kweli. Nafasi kati ya saa hizo mbili ndiyo gharama ambayo haimo kwenye nauli, na mara nyingi inazidi muda wa safari yenyewe.

Makanga wa zamu haachi kuuliza: "Bro, hayo maandishi unampelekea nani?" Jibu ni kumwonyesha fomu. Akiona hakuna jina lake, hutulia, na baadaye yeye mwenyewe ndiye anayekueleza gari gani hugeuza njiani.

Kuanzia saa 5 hivi ni zamu ya katikati ya njia, baina ya Kwale na Kinango, na hii ndiyo sehemu inayommaliza mtu. Hakuna kibanda. Kuna mwembe, kivuli chake kinahama, na wewe unahama nacho. Wakubwa wengi wanaoagiza ukaguzi hutaka kuiruka zamu hii kwa sababu steji zimeshahesabiwa. Lakini aliyehesabu steji pekee hajaiona huduma ya mashambani. Amewaona waliofanikiwa.

Ukisimama hapo utaelewa upesi. Gari iliyongoja Kinango mpaka ikajaa haina nafasi ya mtu wa njiani. Tangu kanuni za matatu za mwaka 2004, za Michuki aliyekuwa waziri wa uchukuzi, kila abiria anapaswa kuwa na kiti na mkanda wake, basi gari iliyojaa kihalali humpita anayepunga mkono, na ile inayosimama humbana mtu wa nne kwenye kiti cha watatu. Mzee wa kwenda kliniki Kwale hupunga, gari hupita. Hupunga tena, hupita tena. Mwishowe hupanda bodaboda kurudi nyuma mpaka steji ya Kinango, alipe ile boda, kisha alipe nauli ya kupita mahali pale pale alipokuwa amesimama. Kwenye kitabu cha mwenye gari, mzee huyu ni abiria wa Kinango. Mtu akipanga huduma kwa kitabu kile ataongeza gari Kinango, na mwembeni hakutabadilika kitu.

Ndiyo maana fomu ya katikati ina safu mbili za ziada: waliopunga wakaachwa, na waliokata tamaa wakaondoka kwa miguu. Kila nusu saa unaandika waliopo, hata kama ni sifuri. Jua likiwa la utosi, kuandika sifuri kunachosha kuliko kuandika ishirini, lakini sifuri isiyoandikwa huja kusomwa kama mhesabu alilala.

Hapo pia ndipo panapoonekana hesabu ambayo wenye gari wengi hawajawahi kuonyeshwa. Tuseme gari nne kwa saa. Zikipishana dakika 15 sawasawa, anayefika wakati wowote atangoja wastani wa dakika saba na nusu. Gari hizo hizo nne zikifuatana ndani ya dakika kumi kisha zikatoweka dakika 50, wastani unapanda hadi kama dakika 21. Dizeli ni ile ile, madereva ni wale wale, na abiria anangoja karibu mara tatu.

Alasiri huingia lawama ya kukata ruti. Gari inayotangaza Kinango hugeuzia Kwale kwa sababu waliobaki ndani ni watatu, na dereva anakimbizana na hesabu ya tajiri, yaani pesa anazotakiwa kumpelekea mwenye gari kila siku. Watatu hao hulipa upya. Ikiwa giza limekaribia, kutembea si jambo jepesi: njia hii imepakana na hifadhi ya ndovu ya Mwaluganje, na ndovu hupita.

Jioni tunakutana na wenye gari. Tunachowaomba ni kidogo. Gari ya kwanza alfajiri na ya mwisho jioni ziondoke kwa saa iliyoandikwa, zijae zisijae. Zamu hizo zizunguke kwa gari zote, na siku ya zamu tajiri apunguze hesabu ya dereva, la sivyo dereva atageuzia Kwale tu. Viti vinne viachwe wazi Kinango kwa ajili ya watu wa njiani. Pale ambapo abiria wanapanda na kushuka, kiti kimoja huuzwa zaidi ya mara moja kwa safari. Nauli ya kila kipande iandikwe ubaoni, na anayekwenda Kinango asilipe ya mpaka mwisho wa safari kabla gari haijapita Kwale.

Viti vinne ndivyo vinavyoleta ubishi. "Nani atanilipa wakikosekana?" huuliza tajiri, na ana haki ya kuuliza. Tunamwekea mbele fomu ya mwembeni, safu ya walioachwa, saa kwa saa. Kwa kawaida hukubali majaribio ya mwezi mmoja, siku zisizo za soko. Siku ya soko huhesabiwa peke yake, na watu wawili kila steji: mmoja wa abiria, mmoja wa magunia na mbuzi, kwa sababu mzigo unaokaa kwenye kiti nao ni abiria aliyeachwa.