Nilivyokusanya kadi za Hasheem Thabeet

Jioni ya tarehe 25 Juni 2009 nilikuwa zamu kwenye ghala la mizigo mjini Memphis, jimbo la Tennessee. Nilikuwa na mwaka mmoja tu Marekani, na mpira wa kikapu niliujua kwa mbali, kama kijana yeyote wa Temeke aliyekulia kwenye Simba na Yanga. Mwenzangu mmoja alikuwa na redio. Nikasikia mtangazaji anataja Dar es Salaam. Memphis Grizzlies, timu ya mji ule ule ninaopakua mizigo, imemchukua Hasheem Thabeet kuwa wa pili katika drafti ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, yaani zamu ya timu kuchagua wachezaji wapya, nyuma ya Blake Griffin. Mtanzania wa kwanza kuingia ligi ile, kijana wa futi 7 na inchi 3. Niliacha toroli nikakaa juu ya boksi.

Miezi michache baadaye nikaona kadi yake kwenye kioo cha duka. Ni kipande cha karatasi ngumu cha inchi mbili na nusu kwa tatu na nusu, mbele picha, nyuma takwimu. Lakini nyuma ya ile kadi, kwa herufi ndogo, waliandika alikozaliwa: Dar es Salaam, Tanzania. Nikalipa. Mzee mwenye duka akanipa mfuko laini wa plastiki na ganda gumu la kuuingizia, akanionyesha kushika kadi kwa kingo, kidole kisiguse uso wake. Kila ninachokijua kuhusu kutunza kadi kilianzia pale.

Msimu wa 2009-10 ulikuwa wa pekee. Panini ilikuwa imepewa haki ya peke yake ya kutengeneza kadi za NBA, huku Topps na Upper Deck zikitoa zao za kuagia. Kwa hiyo Thabeet ana kadi za mwaka wa kwanza kutoka kampuni zote tatu, na kila kampuni ina matoleo mengi: ya kawaida, yenye rangi tofauti, yenye kipande cha jezi, yenye saini, yenye namba inayoonyesha ni ya ngapi kati ya ngapi. Nilipoanza kuorodhesha niliona daftari la kurasa 40 halitoshi.

Bei zake zilianza juu. Halafu Februari 2010 timu ikampeleka Dakota Wizards, kwenye ligi ya maendeleo iliyo chini ya NBA, na hapakuwa na mchezaji wa drafti ya juu kiasi hicho aliyewahi kupelekwa huko. Soko la kadi halina subira. Kadi niliyokuwa naiangalia kwa dola 40 wakati wa Krismasi niliipata kwa dola 6 wakati wa kiangazi. Iliniuma kwa ajili yake, maana nilijua nyumbani watu walikuwa wanamsubiri kila usiku. Ila hapo ndipo mtu mwenye mshahara wa ghalani alipopata mlango. Kama angekuwa nyota, nisingemiliki hata robo ya nilizo nazo.

Nikajiwekea dola 20 kwa mwezi, na sikuvuka. Katika daftari kila kadi ina mstari wake: tarehe, kampuni, namba, bei, imetoka wapi, na safu ya mwisho nikaiandika "ilikokwenda", kwa zile nitakazobadilishana. Mwaka 2011 nilitoa kadi mbili za Stephen Curry nikapata moja ya Thabeet yenye saini. Curry alichukuliwa wa saba drafti ile ile, akaja kuwa nyota mkubwa, na kila mkusanyaji anayesikia hadithi hii hushika kichwa. Sijawahi kujuta. Nilikuwa sikusanyi pesa.

Siri iliyonisaidia kuliko zote ilikuwa jina lenyewe. Wauzaji wengi wa mtandaoni hawakujua kuliandika. Mimi nililisikia kwa sikio la pwani, Hashimu Thabiti, nikajua kila njia ambayo mtu anaweza kulikosea: Hashim, Hasheen, Thabit, Thabeat, Tabeet. Nikawa natafuta kwa makosa hayo yote, kila Jumapili usiku. Kadi iliyoandikwa jina vibaya haionwi na wanaotafuta jina sahihi, basi mnada unaisha mtu wa pekee aliyetoa bei ni wewe. Kadi zangu tatu za namba ndogo, yaani zilizotengenezwa chache, nilizipata hivyo, moja kwa dola 4. Hadi leo natafuta ile yenye namba 34, kwa kuwa 34 ndiyo jezi aliyovaa Memphis. Wakusanyaji wanaelewa.

Nimepoteza pia. Ile kadi ya saini niliyobadilishana niliiweka kwenye fremu ukutani, mkabala na dirisha, nikitaka kila mgeni Mtanzania aione akiingia. Miaka miwili jua la mchana likawa linaipiga. Siku moja nikaitoa kuifuta vumbi, wino wa bluu umebaki kivuli cha kijivu. Nilikaa nayo mkononi muda mrefu. Mke wangu alikuja akasema, "Pole, baba watoto," akaenda kuvuta pazia. Tangu siku ile saini zote zinakaa gizani, kwenye boksi ndani ya kabati, mbali na ukuta wa nje. Majira ya joto ya Memphis yana unyevu, na kadi zenye uso wa kung'aa hujikunja kama jani kavu, kwa hiyo kila boksi lina vifuko vya kunyonya unyevu, nami huvibadilisha kila miezi mitatu.

Wakati wa korona watu wengi walirudi kwenye kadi. Madukani rafu zilikuwa tupu, na Machi 2021 PSA, kampuni maarufu ya kupima ubora wa kadi, ilisimamisha kupokea kadi kwa sehemu kubwa ya huduma zake kwa mlundikano. Mimi sikuwa na cha kupima. Ada ya kupima ilizidi thamani ya kadi zangu nyingi.

Desemba 2022 nilikwenda nyumbani, nikabeba kadi 30 ambazo nilikuwa nazo mbili mbili. Nikaenda viwanja vya michezo vya JMK, Kidongo Chekundu, Dar es Salaam, saa kumi jioni, watoto wanafanya mazoezi. Nikampa mmoja. Akaigeuza, akasoma nyuma polepole, akanitazama.

"Anko, huyu Mbongo kweli?"

"Mbongo. Kasoma Makongo hapo."

Akamwita mwenzake, wakaenda kwenye nguzo ya goli, mmoja akapanda mabegani mwa mwingine kujaribu kupima mita 2.21 za Thabeet. Wengine wakanizunguka. Niliwaonyesha kushika kwa kingo, kila mmoja na mfuko wake wa plastiki, na hazikuchukua dakika kumi kuisha.

Usiku ule, chumbani kwa mama, nilifungua daftari. Kwenye safu ya mwisho nikaandika mistari 30 inayofanana: Kidongo Chekundu.