Mahakama ya kuigiza, kuganda kwa ukweli

Aisee kama hujawahi kusimama kwenye mashindano ya mahakama ya kuigiza usiniambie presha unaijua. Mi mwaka wa tatu niliingia timu ya chuo tukawa tunajiandaa na Jessup, yale mashindano ya wanafunzi wa sheria yanayoigiza Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya kule The Hague, yapo tangu 1960. Nchi mbili za kubuni zinashtakiana na timu moja mnaandika hoja za pande zote mbili, yaani asubuhi unaapa mkataba umevunjwa, jioni unaapa haujavunjwa, na uso mkavu kabisa.

Kuongea kila upande una dakika 45 tu, mnagawana. Mi yangu nilikariri kama shairi. Basi siku ya mazoezi nimeanza vizuriii, hata dakika haijaisha jaji (mhadhiri wetu huyo, kavaa na joho) akanikatiza, "Wakili, hiyo ibara umeisoma yote au nusu?" Nusu. Nikaganda, shairi lote likayeyuka, nikabaki "kama nilivyosema awali" na wala nilikuwa sijasema kitu.

Mwenzangu mmoja yeye hakariri, anaandika vichwa vya hoja kwenye karatasi moja, akiulizwa anajibu kwanza ndiyo au hapana, ndo anaeleza, halafu anarudi alipoishia. Nikamuiga hivyo hivyo, ikasaidia kidogo.

Hatukufika mbali. Joho nililoazima bado ninalo, mwenyewe akisoma hapa anisamehe.