Mkono Uliopiga Bodi

Agosti 1997 nilikuwa konda wa Hiace iliyokuwa ikitoka Dodoma mjini kwenda upande wa Bahi. Nilikuwa na miaka 19. Njiani palikuwa na mahali ambapo barabara ya vumbi inakata reli ya kati, ile waliyoijenga Wajerumani kutoka Dar es Salaam hadi wakaifikisha Kigoma mwaka 1914. Hapakuwa na geti wala mlinzi. Palikuwa na kibao tu, rangi imebabuka kwa jua.

Mimi na dereva tulikuwa na mazoea yetu. Gari likikaribia tuta la reli linapunguza mwendo, konda anachungulia mlangoni, akiona kweupe anapiga bodi mara mbili. Kushuka kulikula muda, na hesabu ya tajiri ilitungoja jioni.

Anayesema treni husikika kabla haijaonekana hajaishi Dodoma mwezi wa nane. Upepo huvuma kutoka mashariki, ukasomba vumbi na kila sauti kuipeleka magharibi. Treni inayotoka Tabora huja ikiukabili upepo huo, na mlio wake hurudishwa ulikotoka. Siku ile nilichungulia, nikaona vumbi na mibuyu, nikapiga bodi.

Magurudumu ya mbele yalikuwa yameshapanda reli ya kwanza nilipomwona mtoto mchunga mbuzi ng'ambo, akipunga fimbo kwa mikono miwili. Nikageuka. Ndani ya vumbi palikuwa na taa. Nikapiga kelele, dereva akakanyaga breki, na gari likazimika palepale.

Dereva alipiga stata mara tatu, bila mafanikio. Abiria walimiminika nje, wengine kwa madirishani. Bibi mmoja aliyekaa siti ya nyuma na kapu la kuku hakuweza kushuka haraka; tulilisukuma gari kinyumenyume yeye akiwa ndani. Honi sasa ilisikika, ndefu, haikatiki. Treni ya mizigo haiwezi kusimama kwa hatua chache hata dereva wake akitaka vipi; ni chuma juu ya chuma, na nyuma kuna mabehewa yaliyojaa. Ilipita tukiwa tumeliegemea gari, vumbi la mabehewa likitupiga usoni. Bibi aliposhuka alinishika kifundo cha mkono, ule uliopiga bodi, akaniuliza, “Mjukuu wangu, uliona nini?”

Sikuwa na jibu.

Miaka mingi baadaye nilisoma kuhusu tramu za umeme za Marekani, magari ya abiria yanayopita juu ya reli zake, zile za mwanzoni mwa karne ya 20, ambazo njia zake zilikatana na reli za treni kubwa. Konda wa kule alitakiwa ashuke, atembee kwa miguu mpaka relini, atazame pande zote mbili, ndipo amwite dereva. Kwenye baadhi ya vivuko hawakuishia kwenye agizo. Reli ya tramu iliwekewa mwanya kabla ya kufika kivukoni, na mwanya huo ulikaa wazi muda wote. Wenzo wa kuufunga uliwekwa ng'ambo ya pili. Konda asipovuka kwa miguu yake na kuushikilia, tramu ingeshuka relini na kukwama chini, mbali na treni. Hata waya wa juu waliufunikia mfereji wa mbao pale kivukoni, ili nguzo ya juu ya tramu, ile inayochukua umeme kwenye waya, isichomoke na kuiacha bila umeme katikati ya reli.

Niliusoma ukurasa huo mara nyingi. Hofu ya kuzimikiwa pale katikati naijua kwa mwili. Na ule wenzo wa ng'ambo ndio ulionishika zaidi: aliyeuweka alijua kwamba konda ana haraka, na hakutaka roho za watu zitegemee kuchungulia kwake.

Leo reli mpya ya umeme inayofika Dodoma tangu 2024 inapitwa kwa madaraja ya juu na ya chini. Nafurahi kila ninapopita. Lakini reli ya zamani bado inakatwa na barabara nyingi za vumbi.

Kesho ya siku ile ya Agosti 1997, pale pale, dereva alipopunguza mwendo nilimwomba asimame kabisa. Alinung'unika kuhusu hesabu. Nikashuka, nikavuka mataruma, nikasimama ng'ambo, nikatazama upande wa Tabora hadi macho yakanitoka machozi kwa upepo, nikatazama upande wa mjini, kisha nikatazama Tabora tena. Ndipo nikainua mkono.