Bomba Lililoanza Kukunjikia Chini

Tulichokijaribu asubuhi ile ya Februari 2012, katika maabara moja ya Midlands, Uingereza, kilikuwa kipande cha alumini kisichofika kilo 1. Bomba la mraba, milimita 80 kwa 80, ukuta wa milimita 2.5, urefu milimita 400. Kwenye gari lingekaa kati ya bampa na mhimili wa mbele wa bodi. Kazi yake ni kujikunja tabaka juu ya tabaka gari linapogonga, ili nishati ya mwendo iishie humo kabla ya kuwafikia waliomo ndani.

Gari la kilo 900 likienda kilomita 56 kwa saa hubeba takriban kilojuli 109 za nishati, na lazima zipate pa kwenda. Wazo la kuiacha mbele na nyuma ya gari ibomoke huku chumba cha abiria kikibaki imara lilisajiliwa kwa hataza na Béla Barényi wa Mercedes-Benz mwanzoni mwa miaka ya 1950, likaingia kwenye gari la W111 mwaka 1959. Ugumu kwenye gari jepesi ni kwamba hakuna chuma cha ziada cha kufidia mahali palipokosewa. Bomba likijikunja vizuri, karibu ukuta wake wote umefanya kazi. Likipinda, inafanya kazi sehemu ile tu ya kiungo, na urefu uliobaki hautumiki.

Kanuni ya watafiti Abramowicz na Jones ya mabomba ya mraba inasema nguvu ya wastani ya kulikunja ni 13.06 mara uimara wa metali, mara unene uliopandishwa kwenye kipeo cha 5/3, mara upana uliopandishwa kwenye kipeo cha 1/3. Upana hupimwa katikati ya ukuta, kwa hiyo ni milimita 77.5. Kwa aloi yetu, yaani alumini iliyochanganywa na elementi nyingine, uimara ulikuwa megapaskali 200. Jibu likawa kilonewtoni 51. Kila mkunjo kamili ungemeza takriban milimita 48 za ukuta, na bomba lingefupika kwa asilimia 73 hivi ya urefu wake kabla halijashikamana na kuwa bonge gumu.

Tukainua uzito wa kilo 240 hadi mita 5.1 kwenye mnara. Ukifika chini unakwenda mita 10 kwa sekunde na una kilojuli 12. Kipima nguvu kilikaa chini ya bamba la msingi, kamera ya kasi ikatazama kutoka ubavuni, na vitalu vya alumini vyenye vitundu kama sega la nyuki vikapangwa pembeni kuudaka uzito endapo bomba lingeshindwa. Juu ya bomba, milimita 24 kutoka ukingoni, kulikuwa na vibonyeo viwili kwenye pande zinazotazamana, kila kimoja na kina cha milimita 1. Hapo ndipo mkunjo wa kwanza ulitakiwa uanzie. Chini, kwa mujibu wa mchoro wa mteja aliyetuagiza jaribio, bomba lilichomelewa kwenye bamba la milimita 10 kuzunguka pande zote nne.

Bomba halikukunjika juu hata kidogo. Kwenye picha za kamera vibonyeo vinaonekana vimetulia, huku ukuta wa upande mmoja ukibonyea juu tu ya mshono wa kuchomelea. Kisha bomba zima likalala kama mgomba uliokatwa shinani. Nguvu ilipanda hadi kilonewtoni 85, ikaporomoka chini ya 20, ikabaki huko. Tulipojumlisha eneo la chini ya grafu tukapata kilojuli 5. Zilizobaki zilimezwa na vile vitalu.

Watu wengi wakiona bomba lililolala husema halikuwa wima. Tulipima wima, na ilikuwa sawa. Jibu tulilipata kwa kukata kipande cha upande ambao haukubonyea na kupima ugumu wake kila baada ya milimita 2 kuanzia kwenye mshono. Mbali na mshono kipimo cha Vickers kilisoma karibu 80. Karibu na mshono kilisoma 50, na ulaini huo uliendelea hadi milimita 22. Aloi za alumini za kundi la 6000, kama hii yetu, hupata ugumu wake kwa kukomazwa tanurini, kwenye nyuzi 180 hivi, na chembechembe ndogo zinazoundwa humo ndizo zinazoizuia metali isiteleze ndani kwa ndani. Moto wa kuchomelea huzikuza au kuziyeyusha, na metali hurudi kuwa laini.

Baada ya hapo hesabu ilikuwa fupi. Eneo la ukuta, ukilikata bomba kwa upana, ni milimita za mraba 775. Ukanda ulioungua karibu na mshono huanza kubonyea kwenye megapaskali 110 hivi, yaani kilonewtoni 85. Juu, vibonyeo vya milimita 1 vilihitaji zaidi ya kilonewtoni 100 ili mkunjo uanze. Kwa hiyo chini palikuwa dhaifu kuliko juu, na nguvu haichagui pale ulipochora wewe. Mwanzo ukishaharibika, ndani ya milimita 20 za kwanza, hakuna kinachoweza kulirudisha bomba kwenye mstari.

Mteja alipendekeza ukuta uongezwe hadi milimita 3. Ni pendekezo la kwanza la karibu kila mtu, na hapa lilikuwa baya. Uimara wa ukanda ulioungua hupanda sawasawa na unene, yaani asilimia 20. Nguvu ya kukunja hupanda kwa kipeo cha 5/3, yaani asilimia 35. Ukiongeza unene, mikunjo inausogelea udhaifu wa chini badala ya kuukimbia. Tena mhimili wa nyuma yake ungelazimika kubeba hiyo asilimia 35, nao uongezwe unene, na wepesi wa gari unaishia hapo.

Tulibadilisha vitu viwili. Vibonyeo vikaongezwa kina hadi milimita 3, kwa nyundo ya mviringo kwenye presi ya mkono, bila ukingo mkali, kwa sababu ukingo mkali huanzisha ufa. Nguvu ya kuanzia ikashuka hadi kilonewtoni 70 hivi. Kisha mshono ukaondolewa. Bomba likaingizwa kwenye kikombe cha alumini chenye kina cha milimita 30 na kushikwa kwa gundi ya epoksi. Nyuso zilikwaruzwa kwa msasa, zikafutwa mafuta kwa asetoni, na shanga za kioo za milimita 0.25 zikachanganywa kwenye gundi ili unene wake usibadilike. Gundi ilikauka kwenye nyuzi 80, chini sana ya joto la kukomaza aloi. Ribiti mbili kila upande zilizuia gundi isibanduke kuanzia ukingoni, kwa kuwa epoksi huhimili sana kuvutwa sambamba lakini hubanduka upesi ikichanwa. Gari la michezo la Lotus Elise la 1996 lilijengwa kwa mtindo huo, mabomba ya alumini yaliyounganishwa kwa gundi, na fremu yake ilikuwa na kilo 68 tu.

Hapa huwa nawafikiria mafundi wa bodi wa kwetu. Mihimili ya mbele ya magari mengi ya Kijapani yanayoshuka Dar es Salaam na Mombasa ni ya chuma chenye uimara wa juu. Ikipinda, gereji nyingi huipasha moto wa gesi hadi iwe nyekundu, kisha huivuta inyooke. Kwa macho inarudi kama ilivyokuwa. Lakini pale palipokuwa pekundu pamepoteza uimara wake, na siku ya ajali nyingine mkunjo utaanzia hapo, pengine karibu na miguu ya dereva. Mhimili wa namna hiyo unyooshwe baridi kwenye benchi la kuvutia, au ubadilishwe kwenye viungo vya kiwandani.

Jaribio la marudio lilichukua chini kidogo ya milisekunde 50. Mkunjo wa kwanza ulianza juu kwenye vibonyeo, wa pili ukaja chini yake, na ilipofika mwisho tulihesabu mikunjo sita kamili na wa saba ukikaribia kujifunga. Bomba lilifupika milimita 243, kwa wastani wa karibu kilonewtoni 52. Kikombe hakikucheza.

Kwenye pembe ya mkunjo wa tatu, hata hivyo, kulikuwa na ufa wa milimita 6. Pembe ndizo zinazovutwa zaidi, na aloi iliyokomazwa hadi kilele cha ugumu hunyumbuka kidogo. Ufa ukirefuka, ukuta huchanika badala ya kukunjika. Tukaomba metali ikomazwe kupita kilele, ipungue uimara kwa asilimia 10 ipate kunyumbuka. Kwa hesabu, bomba hilo lingefupika milimita 274, na nafasi iliyopo nje ya kikombe ni 270 tu. Haitoshi, seuze kwa gari litakalogonga katika baridi na joto, likiwa na abiria wanne na mizigo. Mchoro wa mwisho ulirefusha bomba kwa milimita 30, na uzito ukaongezeka gramu 63.